Chumba cha Mke wa Wafula

Ujumbe wa Zaituni, binti wa aliyekuwa mwenye nyumba wangu Kitale, uliingia kwenye simu yangu Jumatano asubuhi, nikiwa nimeinamia pazia la mteja: "Mama ametutoka." Nililia kidogo, nikafuta uso, kisha nikafanya ambacho Mbukusu yeyote angefanya. Nikaanza kupanga Jumamosi. Kwetu Bungoma mtu akifa katikati ya wiki atazikwa lini tena kama si Jumamosi? Nilifua sketi yangu nyeusi, nikamwambia mwenye pazia asubiri, nikaulizia watu wa kunisindikiza Kitale. Saa kumi jioni ndipo nilipompigia Zaituni kumuuliza mwili umepelekwa mochari gani. Akasema kwa upole, "Dada Nekesa, si tulishamzika. Tulimzika baada ya adhuhuri." Nilijitukana kwa sauti, peke yangu, mashine ya kushona ikinitazama. Mtu aliyekaa mwaka mzima nyuma ya msikiti wa mtaa wa Tuwan, aliyeona watu wakizikwa saa chache baada ya kukata roho, bado anangojea Jumamosi! Kesho yake nilienda hivyo hivyo, na begi langu la kulala siku tatu, kwenye matanga ambayo maziko yake yalikuwa yamekwisha.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni 2003. Nilikotoka na waliokuwa wamenizaa, hayo yana siku yake. Nina miaka zaidi ya arobaini na mitano sasa, nina nyumba yangu Bungoma, mlango wangu, ufunguo wangu, na bado nikiingia nyumba ya mtu jambo la kwanza ninalotazama ni komeo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ninashona sare za shule katika duka moja mjini Kitale, na kabla ya mwaka huo nilikuwa nimehama vyumba vitatu. Cha kwanza, mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wa pili na hakuona haya kuutumia. Cha pili, jirani alikuwa akigonga kila Ijumaa akitaka kuazima kiberiti, na hakuwa mvutaji. Cha tatu sitakisema. Kwa hiyo dada mmoja wa dukani aliponiambia kuna mama Mwislamu Tuwan mwenye chumba kitupu, na kwamba ploti yake haina upuuzi, nilikwenda mbio, uzi bado umening'inia mdomoni.

Ploti ilikuwa na vyumba vinane vilivyotazamana, vinne huku na vinne kule, ua wa udongo uliofagiwa katikati, bomba la maji mwisho, na nyumba ya wenyewe mbele karibu na lango. Chumba chenyewe kilikuwa cha tatu upande wa kushoto. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu. Dirisha lilikuwa moja, la mbao. Hakikuwa na dari, hivyo mtu wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha nne alisema pole. Lakini mlango! Mlango ulikuwa na komeo la chuma kwa ndani, nene kama kidole gumba changu. Nililisukuma likaingia, nikalivuta likatoka, nikalisukuma tena. Nilisimama pale nikijua kwamba sitoki katika chumba hicho hata kwa mapanga.

Mama Zaituni alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, akichagua mchele. Mama yake alikuwa Mnubi na baba yake alikuja na reli kutoka pwani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha sisi wote. Mumewe, Mzee Juma, alikaa kwenye kiti cha kamba mlangoni, redio sikioni. Yeye ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini, na Tuwan nzima ilimheshimu. Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Una mume?"

Nilikuwa nimeambiwa juu ya sharti hilo nikiwa langoni: hapangishi mwanamke aliye peke yake. "Ninaye," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Lokichogio. Ni dereva wa lori."

"Anaitwa nani?"

"Wafula." Ukirusha jiwe Bungoma utampiga Wafula.

"Atakuja lini?"

"Akipewa ruhusa, Mama. Kazi ya watu."

Mzee Juma alipunguza sauti ya redio akanitazama, kisha akasema, "Mpe. Ni mke wa mtu huyo." Na ndivyo nilivyopata chumba. Sharti lile wapangaji walilieleza hivi: wasichana wakija peke yao, wanaume wa ploti huharibika akili na wake zao huja kulia kwa Mama. Baadaye nilikuja kujua sababu yenyewe, kutoka kinywani mwa Mama, na hiyo sitaiandika hapa yote. Nitaeleza kwa nini.

Uongo una kazi nyingi, asikwambie mtu. Nilikwenda mitumba nikanunua shati la mwanamume, la samawati, na viatu vya ngozi vilivyochakaa visigino. Viatu nikaviweka nyuma ya mlango ambapo mtu akichungulia ataviona. Shati nikalitundika msumarini, na kila baada ya wiki mbili nikalifua na kulianika kwenye kamba ya uani, shati ambalo halijavaliwa na mtu. Chumba cha nne walikaa Baba Wambui na mkewe, Wakikuyu ambao wazazi wao walikuja kulima Trans-Nzoia zamani. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa viazi, mke alikuwa mfanyabiashara wa habari. Siku moja Mama Wambui alisimama na beseni lake kiunoni akalitazama lile shati.

"Ai! Nekesa, hii shati ya bwana yako si utaimaliza kwa sabuni? Hajaivaa na unaifua!"

"Ni vumbi, Mama Wambui. Chumba hakina dari."

"Mume anatafutwa, si shati. Mwandikie barua, aki."

Nilicheka, naye akacheka. Hivyo ndivyo miezi ya kwanza ilivyopita. Asubuhi nilikunywa uji mlangoni nikisikia kila chumba kikiamka, huyu anatafuta soksi, yule anakemea mtoto, Mzee Juma anatoka kwenda kuadhini na kurudi akisafisha koo. Jumapili nilipika mboga ya mrenda, Mama akanitumia sahani ya gurusa, ile chapati nyembamba ya Kinubi, pamoja na mchuzi wa nyama, nami nikairudisha sahani na mrenda ndani yake, maana kwa Mama sahani haikurudi tupu. Alinicheka nikisema "mrango" badala ya mlango. Nililala nimefunga komeo, nikaamka mwenyewe. Nilikuwa na furaha, na sioni haya kusema kwamba niliipata kwa uongo.

Mzee Juma alikufa Aprili, mvua ikiwa imeanza. Alianguka msikitini kabla ya alasiri, na kabla ya maghrib alikuwa kaburini. Nilirudi kutoka kazini nikakuta ua umejaa viatu vya watu na Mama amekwisha kuingia eda. Kwa wasiojua, mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hatii manukato wala wanja. Zaituni, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Mombasa. Alikuja, akakaa wiki mbili, akarudi kwa mumewe. Dirisha la chumba cha Mama lilitazama mlango wangu, na mimi nikawa miguu yake. Nilimnunulia sokoni nikitoka kazini, nikamletea vitunguu dirishani, nikachota maji. Alikuwa akipokea kwa mkono uliovuliwa bangili zote, na kila mara aliuliza swali lile lile.

"Wafula ameandika?"

"Bado, Mama."

"Mwite. Mimi wangu alikuwa hapa, kitini pale, na ameondoka sijamwambia kitu. Wako yuko hai na amekaa mbali. Mwite, mwanangu."

Angekuwa akisema kwa udadisi ningemvumilia. Alisema kwa machozi. Na mbaya zaidi, Baba Wambui alimsikia. Yeye kila baada ya miezi miwili alipakia viazi na kabichi kupeleka kaskazini, hadi Lokichogio. Mwanzo wa Juni alisimama uani, kamba begani, akasema ili kila mtu asikie, "Mimi naenda Loki kesho. Huko najua kila dereva, bana. Nitatafuta huyo Wafula nimlete kwa sikio. Mama Zaituni, wewe usilie tena."

Kutoka dirishani Mama alimwombea dua safari nzima, kwenda na kurudi. Mimi nilikaa kitandani nikihesabu. Wiki mbili. Baada ya wiki mbili Baba Wambui atarudi na kusema hakuna mtu kama huyo, na chumba kitakuwa kimekwenda, na nitarudi kule kwa wanaume wenye ufunguo wa pili. Sikufikiria kitu kingine chochote, nakiri. Sikumfikiria Mama. Nilifikiria komeo. Basi siku ya kumi nikamuua Wafula.

Nilikwenda dirishani Jumamosi mchana nikamwambia simu ilipigwa dukani, kwamba ameugua malaria siku mbili na amefariki. Na kwa sababu nilijua mbio za Kibukusu, maiti kusafirishwa, watu kupakiwa kwenye lori na matawi na nyimbo hadi nyumbani, nikaongeza upesi, "Na wamekwisha kumzika. Huko huko, siku hiyo hiyo." Mbukusu mwenzangu yeyote angenirukia shingoni. Mtu wetu azikwe ugenini, bila mama yake, bila ng'ombe, bila wajomba kusema maneno yao, nani amesikia? Lakini Mama Zaituni, ambaye kwao maiti haicheleweshwi, hakuona kasoro yoyote. Alisema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akafungua mlango, akanivuta ndani kwa mikono yote miwili. Aliniweka kichwa mapajani mwake. Nililia kwa kweli, na mpaka leo sijui nilikuwa nalilia nini.

Jioni ile, juu ya ukuta usio na dari, nilimsikia Mama Wambui akimwambia mtu, "Mbukusu kuzikwa Loki? Haiwezekani. Hawa watu hata mtu akifia Mombasa wanamrudisha. Na huyu mbona hajanyolewa nywele kama mjane?" Kesho yake alipotaka kuendelea na mazungumzo hayo bombani, sauti ya Mama ilitoka dirishani, kali, sauti ambayo haikuwa imesikika tangu maziko. "Mama Wambui! Mtu akizikwa upesi amepewa heshima yake. Kama huna pole ya kumpa mjane, chota maji uende." Mama Wambui alichota maji akaenda. Jioni aliniletea githeri, mahindi na maharagwe, akaniomba radhi, na githeri hiyo niliila.

Baba Wambui alirudi siku ya kumi na tano. Alinikuta bombani alfajiri, kabla watu hawajatoka, akaweka ndoo yake nyuma ya yangu. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye udongo wa viazi kwenye kucha usiotoka hata Krismasi.

"Niliuliza," akasema. "Hakuna Wafula dereva amekufa. Hakuna Wafula dereva, kwanza."

Ndoo yangu ilijaa ikamwagika.

"Mimi ni mtu wa viazi," akasema. "Hii mambo ingine sijui." Akachukua ndoo yake akaenda, na hakulisema tena jambo hilo kwa mtu, hata kwa mkewe, ambayo kwa ndoa ile ilikuwa kazi ngumu kuliko viazi.

Na hapo ndipo yalipoanza yale ambayo mimi nayahesabu kuwa ndiyo mwaka wenyewe. Mama aliniambia, "Wewe si wa dini yangu, sikulazimishi eda. Lakini wajane wawili katika ua mmoja, kila mmoja alie peke yake? Ukitoka kazini njoo ukae na mimi." Nikawa nakwenda. Kila jioni, adhana ya maghrib ikishalia, iliyokuwa sasa ya sauti ya mtu mwingine, nilivuka ua nikaingia chumba chake. Kilikuwa na kitanda cha samadari, kabati la vyombo lenye kioo, mkeka, na harufu ya sabuni tupu kwa sababu udi ulikuwa umekatazwa. Nilivaa leso isiyo na maua. Niliacha mafuta ya nywele. Tulichambua kunde, tukatoa mawe kwenye mchele, tukanywa chai ya tangawizi bila kuwasha redio ya Mzee. Adhana ya isha ikilia, nilirudi kwangu.

Siku za kwanza alizungumza mambo ya kawaida, jinsi Mzee alivyopenda uji wenye ndimu, jinsi alivyokataa kuvaa viatu vipya mpaka vya zamani vife kabisa. Kisha, taratibu, akaanza kusema mengine. Alianza na swali. "Nekesa, wewe Wafula alikuwa mwema kwako?" Nikasema, "Mara nyingine." Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Labda nilitaka mume wangu wa uongo awe na ukweli kidogo. Mama alitoa jiwe kwenye mchele, akaliweka kando. "Mara nyingine," akasema, "ndivyo. Ni wewe tu utakayenielewa." Na akanieleza. Jioni ile, na ya pili yake, na nyingine nyingi hadi Agosti. Alinieleza ndoa yake ya miaka thelathini na miwili na yule mwadhini ambaye watu walimpisha njiani. Hakumwambia dada yake, hakumwambia Zaituni, hakumwambia mtu yeyote wa msikitini, maana nani angemsadiki? Aliniambia mimi kwa sababu tulikuwa sawa. Alisema hivyo hasa: "Tuko sawa, mimi na wewe. Mjane hamwonei aibu mjane mwenzake."

Siku zile ningeweza kumzuia. Nimejiuliza mara nyingi mbona sikusema, "Mama, basi, usiniambie." Jibu si zuri. Nilipenda kuambiwa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunikalisha chini akanipa maneno yake kama mtu mwenzake, na mimi niliyanywa yale maneno hivyo hivyo, nikijua si yangu. Aibu iliponikamata asubuhi, dukani, nikipiga mishono kwenye kola za watoto wa shule, nilijiambia leo nitamwambia. Jioni chai ilikuwa tamu.

Eda ilikwisha katikati ya Agosti. Mama alioga, akavaa dira jipya, akajitia udi mpaka ua mzima ukajua. Wapangaji tulimpigia vigelegele. Akasimama pale katikati ya ua, jua limempiga usoni mara ya kwanza kwa miezi minne, akasema, "Safari yangu ya kwanza najua ni wapi. Nakwenda Kamukuywa, kwa kina Wafula. Kuna mama kule amezika mtoto bila kuona kaburi, na sijampa pole." Alikuwa ameshaandaa furushi: leso ya doti, sukari, majani ya chai, na sabuni. Mama Wambui alisema, "Hiyo ni maneno ya utu, Mama." Baba Wambui aliinama akafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Tulikwenda Jumapili. Njiani aliniuliza mama mkwe wangu anaitwa nani, kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi, kama Kiswahili chake kinatosha au nimtafsirie. Nilijibu nisichokikumbuka. Tulishuka Kamukuywa, mahindi mapya yakichomwa kandokando ya soko. Nikamwomba tuingie hotelini tupumzike. Kilikuwa kibanda cha mabati chenye benchi mbili. Tukaletewa chai na mandazi, na mandazi yakapoa.

"Mama," nikasema, "hakuna mahali pa kwenda."

"Wamehama?"

"Wafula hayuko."

"Najua hayuko, mwanangu. Mungu amrehemu."

"Hakuwahi kuwako. Sijaolewa, Mama. Nilitaka chumba."

Sitasahau jinsi alivyofanya. Hakupiga kelele. Alichukua kikombe, akakirudisha kwenye sahani yake, akakigeuza mpaka mkono wa kikombe ukaangalia ukuta. "Shati?" akauliza. Nikamwambia nilinunua mitumba. "Viatu?" Na viatu. "Na ile siku ulilia kwenye mapaja yangu?" Nilitazama mandazi. Mwenye hoteli alikuja kuuliza kama chai ni mbaya. Mama akamwambia chai ni nzuri sana, shukrani. Midomo yake ilicheza muda mrefu. Nilifikiri anasali. Labda alikuwa anarudia jioni zile moja moja, akiangalia alichosema katika kila moja.

Kisha akasema, "Wewe una mama?"

"Ninaye. Si mbali."

"Inuka, twende kwake. Nilitoka nyumbani kumwona mama wa mtu. Sukari hii hairudi Tuwan."

Tukatembea, yeye mbele na furushi, mimi nyuma kama mtu anayepelekwa kwa chifu. Mama yangu alitoka jikoni akipangusa mikono, hajui hili wala lile. "Kalibuni, kalibuni! Nekesa, umeleta mgeni na sina hata kuku amefungwa?" Nilisimama nikingoja kuumbuliwa. Mama Zaituni alimkumbatia mama yangu, akamwambia yeye ni mwenye nyumba wangu na amekuja kusalimu tu, akampa leso na sukari. Aliketi, akala viazi vitamu, akasifu mihogo, akauliza habari za mvua. Mama yangu akamuuliza, "Huyu msichana anakusumbua huko?" Mama Zaituni akasema, "Hapana. Ni mtoto msafi, anaamka mapema." Hakunitazama hata mara moja. Hata leo mama yangu humtaja kama yule mgeni mwenye adabu aliyetoka Kitale bila sababu.

Tulifika Tuwan jua linatua. Mbele ya lango alisimama, akaniambia yale aliyokuwa akiyapanga tangu hotelini.

"Chumba ni chako. Sikutoi. Nilipokataa wasichana wasio na waume, nilikuwa nawakinga na mtu, na mtu huyo hayuko tena. Kaa hata miaka kumi."

"Asante, Mama. Nisamehe, Mama."

"Sijamaliza. Yale niliyokuambia, nirudishie."

"Nitayarudishaje?"

"Sijui. Uliweza kuyachukua, tafuta namna ya kuyarudisha." Akafungua lango.

Nilikaa chumba kile mpaka Desemba. Hakunionea kwa lolote. Maji nilichota, salamu alijibu, siku ya Idi aliniletea sahani kama alivyowaletea wapangaji wote, na mimi nikairudisha na kitu ndani. Lakini adhana ya maghrib ikilia nilikaa kwangu, komeo limefungwa, nikisikia juu ya ukuta vyumba vyote vikizungumza isipokuwa chumba chake. Nililitoa shati la samawati nikampa Baba Wambui. Alilivaa kubebea viazi. Mwaka ulipokwisha nilipata kazi Bungoma, nikahama. Mama alinisaidia kukunja godoro. Tulipeana mkono, akaniambia nenda salama, na tulionana tena labda mara nne katika miaka yote iliyofuata, kwenye harusi na matanga, kwa heshima, kwa salamu za familia. Sikuomba radhi tena. Alikuwa ameniambia anachotaka, na hakikuwa radhi.

Basi Alhamisi ile niliketi uani kwake na begi langu la kipuuzi. Vyumba vimetiwa dari sasa. Wanawake walikuwa wakisoma Kurani, nami nikakaa na wanaokata vitunguu. Alasiri Zaituni alinishika mkono akaniingiza chumba kile, kabati bado liko, akafunga mlango. Ana mvi pembeni, amefanana na baba yake.

"Dada Nekesa, nina jambo. Mama alipougua nilimuuliza habari za Baba. Kila mtu ananiambia Baba alikuwa hivi, Baba alikuwa vile, mtu wa Mungu. Mama yeye akitajiwa Baba anageuka ukutani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hayo aliyasema mara moja tu maishani mwake, na hatayasema tena." Akanishika mkono tena. "Mama Wambui ananiambia mwaka ule wa eda wewe ndiye ulikaa naye kila jioni. Ni wewe alikuambia. Niambie. Mimi ni mtoto wao, nina haki."

Ana haki. Hilo sikatai, na usiku huu ninapoandika bado linaniuma. Nilitazama mikono yake, nikatazama kitanda. Nilikuwa na kila neno, kwa mpangilio wake, pamoja na sauti, na nilikuwa na lile la langoni: nirudishie.

"Tulikuwa tukichambua kunde," nikasema. "Mama yako aliongea habari za uji. Baba yako alipenda uji wenye ndimu."

"Basi?"

"Na viatu. Alikataa viatu vipya."

"Miezi miwili, Dada. Hakukuambia kitu kingine? Wallahi?"

"Hakuniambia kitu."

Zaituni alinitazama muda mrefu, kisha mabega yake yakashuka. Akaniamini, kama alivyoniamini mama yake.